Karakana ya kubangulia korosho, Magomeni Mtwara: tazama meza kabla ya kuuliza bei

Ukipeleka korosho ghafi kubanguliwa, usikimbilie bei ya kilo. Omba kwanza uone meza ya kumenyea ngozi, uangalie vipande, yaani korosho zilizovunjika. Katika karakana hii ndogo vipande ni vichache, na sababu kubwa ni watu waliomo: kina mama wa Kimakonde na Kimakua, vijana waliotoka VETA (mafunzo ya ufundi stadi), mzee mmoja mkulima wa Newala na wabanguaji viziwi.

Mzee haruhusu gunia liingie kwenye boila kabla ya korosho kutengwa kwa ukubwa. Inachosha, lakini kisu cha mashine ya kubangulia kilichotegwa kwa korosho kubwa hakifungui ndogo, na kilichotegwa kwa ndogo hukata kubwa mpaka ndani. Mvuke ni dakika 20 hadi 30, kutegemea presha, halafu zinaachwa zipoe usiku kucha. Kuashiria muda umeisha, wamefunga taa kwa ajili ya wasiosikia. Kumbe hata wenye masikio mazima kengele ilikuwa ikiwapita, kwa makelele ya mashine!

Mashine zenyewe ni za kukanyaga, mpini kulia. Moja vijana wameihamishia mpini kushoto kwa mbanguaji wa mkono wa shoto. Mtu anayepindua mkono kinyume kutwa nzima ndiye anayejaza sinia vipande.

Baada ya tanuri, nyuzi 70 kwa saa 6 hadi 8, kina mama huziacha korosho zirudishe unyevu kidogo ndipo wamenye. Zikiwa kavu kau, zinapasuka kwenye vidole. Tofauti utaiona kwenye daraja: W320, yaani korosho nzima zisizozidi 320 kwa ratili, hulipa kuliko vipande.

Kasoro zipo. Malipo ni kwa kilo, kwa hiyo anayesimama kumwelekeza mfanyakazi mgeni anapoteza kilo zake, na ujuzi wa meza moja unachelewa kufika nyingine. Kina mama wote wako kwenye kumenya. Boila na mizani ni za wanaume tu, ajabu kwa karakana iliyonufaika hivi na mchanganyiko. Glavu nazo hazitoshi, wengine wanajipaka majivu kukinga mafuta ya ganda yanayounguza.

Peleka korosho zilizoanikwa vizuri. Katika kilo 4 ghafi tegemea kilo 1 hivi ya korosho zilizobanguliwa, na simama mwenyewe mizani inaposomwa, kuingia na kutoka.