Ngara bila gari: alama zangu na alama za mama

Naipa Ngara, mtaa wa Nairobi ulio karibu na katikati ya jiji, alama saba kwa kumi kwa mtu asiye na gari. Mama yangu, aliyekaa kwangu wiki tatu mwezi wa nane, ameipa tatu. Sote tumesema kweli.

Mimi ni fundi wa kushona. Nashona sare za shule katika chumba cha ghorofa ya pili kule River Road, na nakaa Ngara upande wa Park Road, karibu na zile nyumba 1,370 za serikali. Kwa miaka sita nilikuwa na Vitz. Niliiuza Oktoba 2023, mwezi ambao petroli hapa Nairobi ilifika shilingi 217.36 kwa lita. Nilikaa jioni moja na daftari la hesabu nikaona gari linakula mafuta, linakula bima, linakula pesa ya kuegesha mjini, na kazi linayonifanyia ni kunitoa nyumbani hadi dukani, mwendo usiozidi kilomita mbili. Kuna asubuhi nilikwama kwenye mzunguko wa Globe dakika arobaini. Mama mmoja wa mitumba alinipita na furushi kichwani, akavuka daraja la mto, akapotea Barabara ya Kirinyaga. Nilipofika River Road nilimkuta ameshatandika turubai na blauzi zote amezipanga. Siku hiyo ndiyo niliyoamua.

Anayefikiria kuhamia Ngara ajue kwamba chombo cha kwanza hapa ni namba kumi na moja, yaani miguu. Kutoka mlangoni kwangu hadi kwenye cherehani ni dakika ishirini na mbili kwa mwendo wangu wa kawaida, na hazibadiliki, mvua au jua, mwisho wa mwezi au katikati. Mwenye gari hawezi kukuambia hivyo. Nashuka Barabara ya Murang'a, napita steji, nafika Globe, navuka Mto Nairobi, naingia Kirinyaga, ambayo mafundi wa magari bado wanaiita Grogan. Hapo ndipo njia ya miguu inapokwisha. Injini zimelazwa chini kwenye veranda, kijana yuko chali chini ya pikapu miguu yake ikiwa barabarani, na oili iliyochanganyika na maji inateleza kama sabuni. Navaa raba hadi dukani, viatu vya kazi nimeviacha chini ya meza.

Kabla ya kufika Globe kuna shimo la mtaro ambalo mfuniko wake uliibwa. Chuma kinauzwa kwa kilo, kila mtu anajua kinakoenda. Mtu mwema alichomeka humo tawi la mti akalifunga kitambaa chekundu, na sisi tunaopita kila siku tukazoea kulizunguka. Mvua za Aprili 2024 zilipofurisha mito ya jiji zililibeba lile tawi, na maji ya kahawia yakafunika shimo lisionekane kabisa. Mimi nilijua lilipo kwa kuhesabu hatua kutoka kwenye mlingoti wa taa: saba. Jioni mbili nilisimama pale nikiwaelekeza watoto wa shule wapite kando. Siku ya tatu nilitafuta tawi jingine nikalichomeka mwenyewe, na kitambaa nilichofunga kilikuwa kipande cha gabardini nyekundu kilichobaki kwenye kaptura za shule fulani ya msingi. Bado kipo, kimepauka kidogo. Mfuniko wa zege haumvutii mwizi kwa sababu hauna mnunuzi, na siku nitakayoona mtaro wote umefunikwa kwa zege nitaongeza alama moja papo hapo.

Halafu kuna kuvuka. Murang'a ni njia ya magari ya Thika Road kuingia mjini, na dereva aliyeshuka kwenye barabara kuu ile ya njia nane hapunguzi mwendo kwa sababu ameona mtu amesimama pembeni. Kwa hiyo tunangojana. Unasimama, anakuja mwingine, wanakuwa watano, wanakuwa kumi, kisha mmoja anainua mkono na wote tunaingia barabarani pamoja. Hatujuani majina ila mwendo wetu ni mmoja. Ni ujuzi unaofundishwa bila maneno, na mgeni anaujua baada ya siku mbili.

Matatu nazipanda jioni, si asubuhi. Baada ya saa moja usiku sivuki lile daraja la Globe kwa miguu, na simshauri mwanamke yeyote avuke peke yake. Shida ni kwamba jioni ndipo matatu hazimtaki mtu wa Ngara. Makanga anaita Roysambu, Githurai, Kahawa, ukitia mguu mlangoni anauliza, "Madam, unashukia wapi?" Ukisema Ngara anatikisa kichwa. Naielewa hesabu yake. Kuna pesa ya mwenye gari ya kufikisha kila siku, na kiti nitakachokalia kwa shilingi thelathini kingebeba mtu wa mia moja hadi mwisho wa safari. Akinishusha Ngara hapati wa kuziba pengo, kwa sababu wa Ngara wote wako mjini kama mimi. Hata hivyo kuelewa hakunifikishi nyumbani. Nimegundua dawa mbili. Ya kwanza ni kutoka dukani saa kumi na moja, kabla kiu ya viti haijapanda. Ya pili ni kumwambia makanga mapema kwamba nitasimama mlangoni na nauli iko mkononi. Sheria za matatu za 2004, zile za waziri Michuki, zilikataza kubeba watu wa kusimama, najua, na najua pia kwamba mikanda iliyoletwa na sheria zile leo imebaki vipande chini ya viti. Nikiwa nimesimama pale mlangoni huwa nashika chuma kwa mikono miwili na roho yangu haitulii hadi nishuke.

Watu huniuliza zaidi kuhusu mizigo. Fundi wa sare bila gari, Januari inapofika, atabeba vipi majora ya kitambaa kutoka Eastleigh? Nilikuwa na hofu hiyo hiyo. Vitz yangu ilibeba majora manne, viti vya nyuma vikiwa vimelazwa, na moja lilikuwa likinigonga begani nikikata kona. Sasa naita mkokoteni.

Mzee anayenibebea ana mkokoteni wa mbao wenye magurudumu mawili ya gari dogo. Nyuma, chini ya sakafu, amefunga kipande cha tairi kuukuu kinachoburuta karibu na lami. Akifika mteremkoni anainua mikono ya mbele juu, ubao wa nyuma unashuka, na kile kipande kinasaga barabara hadi mkokoteni utulie. Ndiyo breki yake. Mara ya kwanza niliposikia ule mlio nilidhani kitu kimekatika. Anapanga majora kumi, ya chini yakilala urefu na ya juu yakikingama, anafunika kwa nailoni na kufunga kamba mara tatu. Kisha anapima kwa kusukuma kidogo, kama mtu anayeonja chumvi, na kama mbele ni nzito anafungua kamba na kuanza upya. Haanzi safari hadi mzigo ukae sawa. Anatokea General Waruinge, anapita Kariokor kwenye moshi wa nyama choma, anaingia River Road. Nampa mia nne, na kama ni msimu nampa mia tano bila kuombwa. Jora halijawahi kunifikia limelowa wala limechafuka.

Nikitembea nyuma ya mkokoteni pale Kariokor huwa nawaza kuhusu jina la mahali penyewe. Limetokana na Carrier Corps, kikosi cha wapagazi waliobebeshwa mizigo ya jeshi la Waingereza katika Vita vya Kwanza vya Dunia, Waafrika waliotembea kwa miguu na wengi wao wasirudi. Mizigo bado inapita pale juu ya nguvu za watu, na barabara bado haijatengewa mikokoteni hata futi moja. Mzee wangu anapigiwa honi tangu Eastleigh hadi mjini kana kwamba ameiba njia. Mtu anayelisha nusu ya maduka ya mji huu anastahili mahali pa kupita.

Bodaboda naitumia kwa dharura tu. Mara moja ilinichoma shavu la mguu kwa ekzosi nilipokuwa nashuka upande usiofaa, na alama ninayo hadi leo. Shuka kushoto.

Sasa mama.

Alitoka Kitui Jumapili, akafika steji ya Machakos ya hapa Nairobi, ile tunayoiita Machakos Airport, saa kumi na mbili jioni. Alikuwa na gunia dogo la ndengu, kuku mmoja ndani ya kikapu, na goti la kulia lisilokunjika vizuri tangu mwaka juzi. Kutoka pale hadi kwangu mimi ningetembea bila kufikiri. Niliita teksi kwa simu. Dereva wa kwanza alipiga akauliza ninaenda wapi, nikamwambia Ngara. "Ni keshi ama Mpesa?" Nikasema Mpesa. Akanyamaza, kisha safari ikafutwa. Wa pili akafanya vivyo hivyo. Wa tatu alikubali nikimwongeza mia mbili juu ya bei iliyoonyeshwa kwenye programu. Wakati huo wote, dakika hamsini, mama alikuwa ameketi juu ya gunia lake, kikapu cha kuku mapajani, watu wakimruka kama jiwe. Hakulalamika. Aliniuliza mara moja tu, kwa sauti ya chini, "Mwanangu, ile gari uliuza ya nini?" Sikuwa na jibu la kumpa pale. Zile hesabu za kwenye daftari zote zilikuwa sahihi, na hakuna hata moja iliyokuwa na goti ndani yake.

Wiki ya pili alitaka kwenda mjini kununua leso, tukajaribu matatu. Ngazi ya matatu iko juu kama goti lake, na ndilo goti lenyewe. Nilikuwa nimeanza kumwambia turudi nyumbani wakati makanga aliporuka chini. "Shosh, usiharakishe. Shika hapa, na hapa." Akagonga bodi mara moja kumwambia dereva asitoe gari, akamshika mama kiwiko hadi akakaa kiti cha kwanza. Magari ya nyuma yalipiga honi, kijana hakugeuka. Mama alimwombea baraka kwa Kikamba njia nzima. Tuliporudi, gari jingine lilitushusha ng'ambo ya barabara, tukalazimika kuvuka. Wale kumi tuliongojana nao walipoingia barabarani, mama alibaki nyuma hatua nne. Watu wawili walisimama katikati ya njia, mikono juu, hadi akapita. Nilikuwa nimemshika mkono na niliusikia unatetemeka.

Siku ya kuondoka nilimwomba alama. Alisema tatu, bila kusita: moja ya yule makanga, moja ya mzee wa mkokoteni aliyemsalimu kwa Kikamba na kumuuliza habari za mvua ya kwao, na ya tatu hakunieleza.

Nimejaribu kurekebisha ninachoweza. Katika jengo letu kuna kijana mwenye tuktuk, na sakafu ya tuktuk iko chini: mama anaweza kukaa kwanza, kisha avute miguu ndani mmoja mmoja bila kupanda chochote. Tumekubaliana shilingi mia tatu na hamsini kutoka steji ya Machakos hadi mlangoni, na atakuwa pale kabla basi halijafika. Mama anarudi Desemba. Nusu ya nauli nimeshamlipa.