Picha na asili yake: uzoefu wangu na hifadhi huria za picha mtandaoni

Kuna kiboko wa buluu, urefu wake kama sentimita 20 tu, amechorwa mayungiyungi mwili mzima kana kwamba ametoka mtoni sasa hivi na majani yamemganda. Picha yake huzunguka mtandaoni bila jina wala maelezo, na ni rahisi kumdhania pambo la dukani. Ukimfuata mpaka kwao, kwenye tovuti ya Metropolitan Museum of Art ya New York, unakuta kwamba alifinyangwa Misri kati ya mwaka 1961 na 1878 kabla ya Kristo, akazikwa pamoja na mtu aitwaye Senbi huko Meir. Miguu yake mitatu ni ya kutengenezwa upya, kwa sababu ile ya asili ilivunjwa makusudi ili asije akamdhuru marehemu huko aendako. Ukishayajua hayo, humtazami tena kwa jicho lilelile.

Kwangu mimi hicho ndicho kipimo cha huduma ya picha: je, picha inakuja na habari zake, au inakuja uchi? Mimi nakusanya vioja. Wanyama waliochorwa na watu ambao hawakuwahi kuwaona, paka waliovalishwa kofia katika picha za karne ya 19, samaki wa rangi zisizokuwepo duniani, ndege walionaswa na kamera katika mkao wa ajabu. Nimepitia huduma nyingi, na zilizobaki kwenye simu na kompyuta yangu ni chache.

Niseme kwanza juu ya huduma za kubandika picha ubaoni, maana ndizo wengi wanazozijua. Zina raha yake. Unapenda bundi mmoja, dakika mbili baadaye unaletewa bundi hamsini, na kati yao wapo watatu ambao usingewapata kwa njia nyingine. Lakini ile niliyoitumia kwa muda mrefu ilinipa picha zilizokatwa pembeni, saini ya msanii ikiwa imeondoka na kipande hicho, na nikibofya kiungo naishia kwenye ukurasa uliokufa zamani. Msanii aliyekesha akichora yule bundi hatajwi popote. Siwezi kuuita huo mkusanyiko.

Ninayoitegemea zaidi ni Wikimedia Commons, hifadhi huria ya picha na mafaili mengine. Ilianzishwa mwaka 2004, sasa ina mafaili zaidi ya milioni 100, na kila faili lina ukurasa wake: nani kaipiga au kaichora, lini, imetoka wapi, na leseni yake inaruhusu nini. Wanaoipanga ni watu wa kujitolea, na mapenzi yao yanaonekana katika namna wanavyogawa makundi. Kuna kundi la paka waliolala. Kuna la wanyama wanaopiga miayo. Humo ndimo ninamopotelea jioni nzima.

Mfano mzuri ni kifaru wa Albrecht Dürer, msanii wa Kijerumani. Dürer alimchora mwaka 1515 bila kumwona, kwa kutegemea maelezo na mchoro kutoka Lisbon, ambako mnyama huyo alikuwa amefikishwa kutoka India mwaka huohuo. Ndiyo maana amevaa mabamba kama deraya na ana kipembe cha ziada mgongoni. Ukiitafuta chapa hiyo kwenye Commons unapata nakala kutoka makumbusho mbalimbali, unaziweka kando kwa kando na kuona wino ulivyokolea hapa na kufifia pale. Kisha unaweza kumtafuta kifaru wa Hans Burgkmair, Mjerumani mwenzake, wa mwaka uleule, ambaye anakaribia zaidi mnyama halisi, ingawa ni yule wa Dürer aliyenakiliwa kwa karne nyingi. Nawapenda wote wawili, lakini wa Burgkmair ndiye aliyenifanya nielewe kwamba picha inayoshinda si lazima iwe ile ya kweli.

Utafutaji unahitaji ujanja. Maelezo mengi yameandikwa kwa Kiingereza, Kijerumani au Kifaransa, kwa hiyo mimi hutumia jina la kisayansi. Andika Mellivora capensis utapata nyegere kutoka kila mahali alipopigwa picha. Andika Galagidae utapata komba na macho yao makubwa. Jina la kisayansi halibadiliki kwa lugha yoyote, na linakuepusha na mabondia, timu za mpira na meli zilizopewa majina ya wanyama. Jambo jingine la kufurahia ni kwamba unaweza kuchagua ukubwa wa faili kabla ya kupakua. Baadhi ya picha ni nzito mno kwa simu, lakini toleo dogo linatosha kabisa kwa kutazama.

Leseni zisiwatishe. Herufi CC ni kifupi cha Creative Commons, leseni huria zinazotumika sana. CC0 maana yake mwenye kazi ameachia haki zake zote. CC BY inakutaka umtaje. CC BY-SA inakutaka umtaje, na ukiibadilisha kazi yake uitoe kwa masharti yaleyale. Miliki ya umma ni kazi ambayo hakimiliki imekwisha au haikuwahi kuwepo, na hapo ndipo alipo yule kima mweusi wa Sulawesi anayecheka mbele ya kamera. Alijipiga mwaka 2011 kwa kamera ya Mwingereza David Slater, na mwaka 2014 ofisi ya hakimiliki ya Marekani ikaeleza kwamba haisajili kazi iliyofanywa na mnyama. Kesi iliyofunguliwa kwa niaba ya kima ilifika hadi mahakama ya rufani, ikashindwa mwaka 2018. Mimi ninayo picha hiyo na nimeandika jina la Slater kwenye faili, ingawa sheria hainilazimishi. Alisafiri mpaka kule msituni na kulifuata kundi la kima kwa siku kadhaa. Kumtaja ni haki yake kwa kipimo changu.

Rijksmuseum ya Amsterdam ni ya aina nyingine. Tangu mwaka 2012 wana Rijksstudio, ambapo unafungua akaunti bila malipo na kujipangia makundi yako mwenyewe kutoka kazi za makumbusho hayo. Ubora wa picha zao ni wa kushangaza. Mfungue batamaji wa Jan Asselijn, aliyechorwa kama mwaka 1650 akitanua mabawa kulinda kiota chake dhidi ya mbwa anayeogelea, halafu mvute karibu. Utaona maneno yaliyoongezwa baadaye na mkono mwingine: kwenye yai moja pameandikwa Holland, na batamaji amegeuzwa kuwa mwanasiasa Johan de Witt akiitetea nchi. Kwenye nakala ndogo zinazosambaa mitandaoni huwezi kuyaona maneno hayo kamwe.

Kwa michoro ya wanyama, hata hivyo, hakuna kinachoifikia Biodiversity Heritage Library. Ni muungano wa maktaba ulioanza mwaka 2006, na wamepakia pia michoro yao kwa wingi kwenye Flickr, tovuti ya kuweka picha. Uzuri wake ni kwamba kutoka mchoro unarudi hadi ukurasa wa kitabu wenyewe. Humo nilikutana na samaki wa Louis Renard, mchapishaji wa Amsterdam ambaye mwaka 1719 alitoa kitabu cha samaki na kaa wa visiwa vya mashariki, wamepakwa rangi utadhani wanakwenda harusini. Katikati ya kaa na kamba yupo nguva, nusu mwanamke nusu samaki. Maandishi yaliyo kando yake yanasema aliishi siku nne na saa saba ndani ya pipa la maji, na kwamba mara kwa mara alitoa sauti kama ya panya. Picha hiyo bila maandishi hayo ni kichekesho tu. Ukisoma yale masaa saba, unahisi kwamba kuna mtu aliyeamini kabisa alichokuwa akiandika.

Kwa picha inayokuja bila asili, natumia TinEye, ambayo hupokea picha na kukuonyesha wapi pengine imeonekana. Ipange kuanzia ya zamani zaidi. Tarehe inayotokea ni ya siku mtambo wao ulipoiona, si siku iliyotolewa, lakini mara nyingi inatosha kukusogeza karibu na mwenyewe.

Kazi hii imekuwa ngumu zaidi tangu picha za akili mnemba zijae. Tafuta kifaranga cha tausi na utaletewa vijidude vyeupe vyenye mkia wa rangi na taji kichwani. Kifaranga halisi ni cha kahawia, kama cha kuku, na ni kizuri hivyohivyo alivyo. Sikusanyi chochote kisicho na jina la mpiga picha na mahali, na kwa wanyama hai nimekuwa mkali zaidi. Loris, jamaa wa komba anayeishi Asia, hupendwa sana katika picha anapoinua mikono akitekenywa. Ule ni mkao wa kujihami: ana tezi yenye sumu karibu na kiwiko, na anainua mikono kuifikia. Picha za namna hiyo nimezifuta zote.

Kwenye kompyuta faili langu lina jina la msanii, mwaka, chanzo na leseni, kwa mpangilio huohuo. Habari zilizofichwa ndani ya faili hufutika ukilituma kwa programu nyingi za ujumbe, lakini jina la faili likitumwa kama hati hubaki.

Nani atafaidika? Ukitaka picha nzuri za haraka za kupamba skrini, ubao wa kubandika utakutosha. Ukitaka kujua unachokitazama, anza na Commons, kisha nenda Biodiversity Heritage Library ukiwa na muda. Upungufu mkubwa ninaouona ni wetu sisi wasomaji wa Kiswahili: picha nyingi hazina hata sentensi moja ya lugha yetu chini yake. Commons inamruhusu yeyote kuongeza maelezo mafupi kwa lugha anayotaka, bila kibali cha mtu. Mimi nimeanza na komba, nyegere na kakakuona. Samaki ni wengi mno kwa mtu mmoja, na anayeyajua majina yao vizuri kuliko mimi anahitajika.