TAHADHARI: Kompresa za AC "mpya" zilizopakwa rangi, Kariakoo

Wadau wa magari, hasa wenye IST, Vitz, Passo na ndugu zao, someni hapa kabla hamjatoa hela ya kompresa ya AC, ile pampu inayosukuma gesi ya kupoza. Nimeuziwa chuma chakavu kilichopigwa rangi ya silva na kutiwa kwenye boksi jipya, kwa 480,000. Jina la duka siliandiki. Nilivyoambiwa, mchezo huu hauko duka moja, na nikitaja moja mtadhani mengine yote yako salama.

Ilikuwa mwishoni mwa Januari, na joto la Dar la mwezi huo mnalijua. Niko kwenye foleni ya Ubungo, AC ya IST yangu ikaacha kupoza ghafla. Feni inapuliza, taa ya AC inawaka, hewa inayotoka ni ya moto. Kesho yake nikampelekea fundi wa mtaani kwetu. Akafungua boneti, akaniambia niwashe na kuzima AC mara mbili, akatega sikio, akagonga kompresa kwa mpini wa bisibisi.

"Dada, kompresa imekufa hii."

Geji ya presha ya gesi hakutoa. Mita ya umeme hakutoa. Dakika tano hazikufika. Halafu akanipa namba ya duka, upande wa Gerezani hapo Kariakoo: "Wana mpya, orijino kabisa. Ukitaja jina langu watakupunguzia." Hapo ndipo ningeshtuka, ila jasho likikutoka hivyo na watoto wako kiti cha nyuma wanalalamika, akili haifanyi kazi.

Picha zikaja WhatsApp. Boksi safi, plastiki, stika inang'aa. Bei 520,000, tukavutana mpaka 480,000. Nikatuma hela kwa simu, bodaboda akaleta mzigo. Risiti ilikuwa ya kuandikwa kwa mkono: "spea AC, 1", na muhuri unaosema mali ikishauzwa hairudishwi. Fundi akafunga, akachukua 70,000 pamoja na gesi.

Wakati anakusanya vifaa vyake akataka kuondoka na kompresa yangu ya zamani. "Takataka hii dada, nikusaidie kuitupa." Nikamwambia aiache kwenye buti. Sikuwa nimeshtukia kitu, mimi ni mtu wa kutunza vyuma tu, mume wangu hunicheka kila siku kwa hilo. Safari hii hacheki.

Baridi nililipata siku tisa. Siku ya kumi ukaanza mlio, kama sarafu zinazotikiswa ndani ya kopo. Kabla sijafika nyumbani mkanda ukapiga yowe, harufu ya mpira ikajaa ndani ya gari. Nikazima AC, nikaendelea na safari vioo chini.

Shemeji yangu ndiye aliyenipeleka kwa mzee mmoja Temeke, fundi wa AC tupu, hashiki injini. Alipolegeza bomba la kompresa, akachovya kidole na kunionyesha. Oili ilikuwa ya kijivu cheusi, inametameta kama wanja wa rangi tunaopaka juu ya macho. Ule mmeto ni chuma kilichosagika. Akaishusha kompresa, akalowesha kitambaa kwa thina, akasugua. Silva yote ikabaki kwenye kitambaa. Chini yake alumini nyeusi ya grisi ya miaka. Kwenye matundu ya bolti zikaonekana duara za washa za zamani, na rangi ilikuwa imeingia mpaka ndani ya nyuzi. Alipobandua stika, chini yake kulikuwa na alama ya kibandiko kingine kilichokwanguliwa, tarakimu 447 za mwanzo bado zinasomeka, zilizobaki hazifanani na za kompresa ya gari langu.

"Hii imeshatembea magari mawili kabla ya lako, mwanangu."

Kisha akauliza ya zamani iko wapi. Nikaitoa kwenye buti kama mtu anayetoa ushahidi mahakamani. Akazungusha shafti kwa mkono, ikaenda laini. Akaziba tundu la kutolea kwa kidole, akazungusha tena, hewa ikamsukuma kidole. Oili iliyodondoka ilikuwa safi. Akaweka mita kwenye waya wa koili ya klachi, yaani sumaku ya umeme inayoshikisha kompresa na puli ya mkanda, mita ikaandika OL, maana yake umeme haupiti. Koili nzima, alisema, husoma ohm 3 au 4 hivi. Yangu ilikuwa imekatika. Koili mpya: 45,000. Huo ndio ulikuwa ugonjwa wote wa gari langu.

Kwa bahati mbaya ile ya rangi ilikuwa imeshatapika vyuma vyake kwenye mfumo. Mabomba yanasafishika, lakini kondensa (ile rejeta ya AC iliyo mbele ya gari) za siku hizi zina vijitundu vyembamba mno, vumbi la chuma likiingia halitoki. Kondensa na draya (kichujio cha unyevu), ekspansheni valvu (inayopitisha gesi kwa kipimo), kusafisha, oili, gesi na ufundi: 290,000. Jumlisheni wenyewe, 885,000 kwa koili ya 45,000.

Nilipiga simu dukani. Kwanza ikawa fundi wangu hakuweka oili. Mara ya pili gesi ilikuwa mbaya. Mara ya tatu namba yangu ikawa imezuiwa. Fundi wa mtaani naye hapokei, na majirani wa gereji yake wakaniambia wazi kwamba kila mteja anayempeleka duka lile ana cha juu chake. Nikamuuliza mzee wa Temeke, zile "takataka" wanazotusaidia kuzitupa huwa zinaishia wapi? Akacheka tu, akaangalia kile kitambaa cha silva.

Basi fundi akikwambia kompresa imekufa, mwambie afunge geji kwanza. Kwa joto letu, gari likiwa limezimwa muda, geji ya bluu (presha ya chini) na nyekundu (presha ya juu) zote husoma karibu psi 100 kama gesi ipo. Zikiwa karibu na sifuri, gesi imevuja, na swichi ya presha inakataza klachi kushika kwa makusudi. Kompresa haina kosa hapo, tafuteni uvujaji. Gesi ipo lakini klachi haishiki? Fyuzi, rilei, kisha apime kama volti 12 zinafika kwenye soketi ya kompresa. Zikifika na bado haivuti, ni koili, au nafasi kati ya sahani ya klachi na puli imepanuka. Inatakiwa kama nusu milimita. Klachi ikishika na kuzunguka, lakini bluu haitaki kushuka na nyekundu haitaki kupanda, labda 80 kwa 120 hata ukikanyaga mafuta, hapo sawa, ndani imekwisha. Magari mengine mapya hayana klachi ya kushika na kuachia kabisa, kwa hiyo anayetega sikio kwenye hayo anakuigizia.

Ukilazimika kununua, nenda mwenyewe, mchana, na thina kidogo kwenye kichupa. Kompresa nyingi mpya huja alumini tupu, hazipakwi rangi. Fungua vifuniko vya matundu: nyingi hufungwa na gesi kidogo ya nitrojeni, utasikia "psss", na oili ndani iwe angavu. Angalia mifereji ya puli, ikiwa imeng'arishwa na mkanda si mpya. Muuzaji akikataa usifungue vifuniko, muage.

Sina ugomvi na mtumba, tuelewane. Kompresa ya mtumba inayouzwa kwa jina la mtumba na bei ya mtumba ni biashara halali, nusu ya Dar tunaendesha nazo. Na wenye Prius na Aqua, kompresa zenu ni za umeme, zina oili yake. Mtu akizitilia PAG, oili ya kompresa zetu za mkanda, ameziua.

Dai risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi, iandikwe jina la kifaa na neno "mpya". Bidhaa bandia huripotiwa Tume ya Ushindani, lakini ukienda na kikaratasi cha mkono kama changu, unathibitisha nini?

Kompresa yangu ya zamani imerudi kazini na inagandisha vidole. Ile ya rangi bado iko kwenye buti. Aliye Kimara akitaka kuiona aniandikie. Imesuguliwa thina upande mmoja tu, wa pili nimeuacha unang'aa vilevile ilivyotoka kwenye boksi.