Uzoefu wangu na p5.js: miezi mitatu nikimfuata Mondrian

Nilianza na programu ya akili bandia, ile unayoiandikia sentensi ikakuletea picha. Nikaieleza ninachotaka: mistari myeusi, nyekundu, bluu na njano, kwa mtindo wa Piet Mondrian, mchoraji wa Uholanzi. Picha ikaja upesi na ikapendeza, lakini sikujifunza lolote. Nilipoomba mstari mmoja tu usogezwe kushoto, nikaletewa picha nyingine kabisa. Nikaachana nayo.

Ndipo nikaingia p5.js. Hii ni maktaba ya bure, yaani mkusanyo wa amri zilizoandikwa tayari, ya lugha ya programu ya JavaScript, iliyoanzishwa na Lauren McCarthy mwaka 2013, ikifuata nyayo za Processing, programu ya kuchora kwa msimbo ya Casey Reas na Ben Fry ya mwaka 2001. Huhitaji kusakinisha kitu. Unafungua kihariri chake kwenye kivinjari, unaandika amri upande mmoja, mchoro unatokea upande wa pili. Hata asiyewahi kuandika programu atachora mstatili na kuupaka rangi siku hiyohiyo.

Kazi inaanza baada ya hapo. Kanuni yangu ya kwanza ilikuwa hii: chukua mraba, ukate popote namba nasibu itakapoangukia, kila kipande kikatwe tena, kisha baadhi vipakwe rangi. Nikapata vigae vya sakafu. Kila kipande kilikuwa na uzito sawa na mwenzake, na rangi zilitapakaa bila sababu.

Nikarudi kuitazama kwa makini picha ya Mondrian ya mwaka 1930 yenye nyekundu, bluu na njano. Nyekundu imekalia zaidi ya nusu ya turubai, juu kulia. Bluu imekaa kwenye kona ya chini kushoto, na njano ni kipande kidogo tu chini kulia. Mistari haina unene mmoja. Katika picha zake nyingine za miaka ya 1920, kuna mistari inayokoma kabla ya kufika ukingoni, na nyeupe yenyewe si moja: ipo inayoelekea kijivu, ipo inayoelekea bluu. Nilikuwa nimeiona michoro hii mara nyingi sana bila kuyaona hayo. Kuandika kanuni ndiko kulikonilazimisha kutazama, na kwangu hiyo ndiyo thamani kubwa ya p5.js.

Nikaandika upya. Kila rangi ilipewa nafasi moja tu, tena karibu na ukingo. Kila kipande kilipewa uwezekano wa kukataa kukatwa tena, ili pabaki nyeupe pana. Unene wa mistari ukawa wa aina tatu. Mchoro ukaanza kupumua. Katika michoro kama 200 ya jioni moja nilihifadhi minne, na kule kuchagua kulinichosha kuliko kuandika msimbo.

Katikati ya miaka ya 1960, A. Michael Noll wa Bell Labs, maabara ya utafiti ya Marekani, alifanya jaribio ambalo bado nalifikiria. Aliitengenezea kompyuta kanuni za kuiga mchoro wa Mondrian wa mistari wa mwaka 1917, kisha akawaonyesha watu 100 nakala za michoro yote miwili. 59 waliupenda zaidi wa kompyuta, na ni 28 tu waliotambua upi ulichorwa na mashine. Wengine husema hapo mashine ilimshinda mchoraji. Mimi sioni hivyo. Noll alimtazama Mondrian kwanza, akaamua mistari ijazane wapi na ipungue wapi. Nasibu ilifanya kazi ndani ya macho yake.

Ukitaka kujaribu, yapo mambo ya kujua mapema. Amri za kuchora hurudiwa takriban mara 60 kwa sekunde, kwa hiyo mchoro wa nasibu utapepesa bila kutulia hadi uandike noLoop, amri ya kuzuia marudio hayo. Tumia randomSeed, amri ya kuweka namba ya mbegu ambayo namba zote za nasibu huanzia, tangu siku ya kwanza: ukihifadhi namba ya mbegu, mchoro uleule utaurudia wakati wowote. Mimi nilichelewa, na kuna mmoja ulionigusa sana ambao sitaupata tena. Unene wa mistari nao uupime kwa sehemu ya upana wa turubai, maana ukitumia pikseli zisizobadilika, mchoro mkubwa wa kuchapisha utakuwa na mistari kama nyuzi.

Nasibu nimeanza kuipunguza. Akiwa New York, Mondrian alitumia utepe wa karatasi wa rangi, akiubandika na kuuhamisha kwenye turubai hadi aridhike. Picha yake moja ya mwaka 1941 ilibaki hivyo, na utepe wake. Kwa hiyo katika toleo langu la sasa kompyuta inapendekeza mistari, kisha naushika mmoja kwa kipanya na kuusogeza. Jana usiku niliuhamisha mmoja kushoto kidogo tu, na nyekundu yote ikatulia.