Kuku alla cacciatora kwenye chungu cha umeme: uzoefu wangu na mtetea wa kienyeji

Nianze na jibu, maana swali hili naulizwa mara kwa mara: chungu cha umeme cha kupikia polepole kinafaa pesa yake? Kwa anayekula kuku wa kienyeji kinafaa, tena sana. Kwa nyumba inayopika broila peke yake, hiyo pesa afadhali inunue kikaango kizito. Nasema hivyo baada ya kukipima kwa kitoweo kimoja hasa, kuku alla cacciatora wa Kiitaliano, kwa sababu najua kinavyokuwa kikipikwa sawasawa. Sisi wa Malindi tumekaa na Waitaliano tangu miaka ya 1960, walipojenga kituo cha kurushia setilaiti kule Ngomeni. Wengi wetu tumepika kwenye mahoteli yao, na mpishi aliyenifunza mimi kitoweo hiki alikuwa mtu wa Roma.

Chombo chenyewe kisichanganywe na presha kuka. Presha hufungia mvuke ndani na kupandisha joto kupita nyuzi 100, ndiyo maana vitu vigumu huiva upesi. Hiki hakina haraka. Ni chungu cha kauri kilichotumbukizwa ndani ya bati, waya wa moto umezunguka ubavuni, na mfuniko wa kioo umelala tu juu. Joto hupanda taratibu mpaka karibu na kuchemka, kisha linabaki hapo. Alama ya moto mdogo na ya moto mkubwa mwishowe hufika karibu joto lile lile. Zinazotofautiana ni saa za kulifikia. Mvuke ukigonga kioo hugeuka maji na kudondoka tena chunguni, kwa hiyo mchuzi haupungui. Shika hilo la mwisho, kwa sababu wengi wanaosema chungu hiki kinatoa chakula cha majimaji walitia maji kama wanavyotia kwenye sufuria ya kawaida.

Changu ni cha lita 3.5, wati 200, na nililetewa na shemeji yangu kutoka Muscat. Oman na Kenya tunatumia volti 240 na plagi ile ile ya pini tatu bapa, kwa hiyo nilichomeka nikapika. Ukiletewa kutoka Marekani soma kwanza kibandiko cha chini. Vya kule ni vya volti 120, na ukikichomeka moja kwa moja kwenye umeme wetu kitaungua.

Aliyekibuni ni Irving Naxon wa Chicago, aliyeomba hataza mwaka 1936 akapewa mwaka 1940. Wazo lilitokana na aliyosimuliwa na mama yake kuhusu cholent, kitoweo cha Wayahudi wa Lithuania: waliingiza chungu kwenye tanuri la mwoka mikate siku ya Ijumaa kabla jua halijatua, kikalala humo hadi kesho yake, kwa kuwa siku ya Sabato hawapiki. Kampuni ya Rival ilinunua biashara yake mwaka 1970, na mwaka uliofuata ikakitoa kwa jina la Crock-Pot. Chombo kilichotokana na watu wanaochunga siku yao ya ibada kinatufaa mno mwezi wa Ramadhani. Nakitega asubuhi, naendelea na shughuli zangu, na ikiadhiniwa Magharibi kitoweo kimeiva bila mtu kusimama jikoni na saumu yake akikoroga sufuria.

Sasa kitoweo. Cacciatora ni upishi wa kiwindaji, wa Italia ya kati zaidi, na kila mkoa una wake. Toscana hutia nyanya na divai nyekundu. Roma na sehemu nyingi za Lazio, mkoa wake, huacha nyanya kabisa, wakapika kwa thomu, rosemari, siki na dagaa wa chumvi. Wamarekani wenye asili ya Italia hupenda kuongeza pilipili hoho na uyoga, ndiyo maana mapishi mengi ya chungu cha umeme yanayozunguka mtandaoni yamejaa hoho. Mimi siziweki. Zikikaa saa nyingi humo huachia maji, na utamu wake unamfunika kuku.

Linalosahauliwa ni kwamba upishi huu unapendeza zaidi kwa nyama ngumu. Huko Italia hata sungura hupikwa hivi, na mtetea aliyeacha kutaga, na jogoo mzee. Ndege aliyekula siku zake ana kolajeni ngumu, ile protini inayoshikilia nyama, kwenye viungo na kwenye ngozi. Hiyo hailainiki kwa moto mkali wa dakika 40. Inataka joto la zaidi ya nyuzi 70 kwa saa kadhaa ndipo igeuke jelatini, na jelatini ndiyo inayoupa mchuzi ule uzito unaonata midomoni. Broila huchinjwa akiwa na wiki tano au sita. Hana cha kulainishwa. Ukimwacha chunguni saa nane, mapaja yanaachia mifupa yote na kifua kinakauka kikawa nyuzi nyuzi zisizo na ladha, huku kimezama mchuzini. Kama broila ndiye uliye naye, chukua mapaja matupu, moto mdogo, uanze kumwangalia saa ya nne.

Ladha yote hutengenezwa kikaangoni kabla chungu hakijawashwa, na hapa sikubaliani hata kidogo na wale wanaotupia kila kitu kibichi na kufunika. Chungu hiki hakikaangi. Mtetea wa kilo moja na nusu namkata vipande vinane, namkausha kwa kitambaa, namtia chumvi na pilipili manga. Mafuta ya zeituni yakipata moto napanga vipande, ngozi ikiwa chini, na sivigusi. Kipande kilicho tayari huachia kikaango chenyewe, kikishikilia, bado. Nikishavitoa, kwenye mafuta yale yale naingiza kitunguu maji kikubwa, karoti na bua la seleri, vyote vimekatwa vidogo vidogo, nakoroga hadi kitunguu kilegee na kianze kupata rangi. Hapo ndipo natia punje nne za thomu zilizopondwa na tawi moja la rosemari. Tawi liwe moja. Kwa saa nane rosemari hutoa kila ilicho nacho, na ukiongeza la pili mchuzi unakuwa mchungu.

Halafu siki. Mimi Muislamu, divai siitumii, na yule mpishi wa Roma hakuona tatizo lolote, kwa sababu kwao siki ndiyo uti wa mgongo wa upishi huu. Namwaga vijiko vitatu vya siki ya tofaa kwenye kikaango cha moto. Mvuke mkali unapanda puani, na ule ukoko wa kahawia ulioachwa na kuku unalegea. Naukwangua wote kwa mwiko wa mbao, pembe kwa pembe, maana rangi ya mchuzi iko hapo. Nangoja mpaka harufu ya kuchoma pua iishe. Hata anayetumia divai aichemshe hapa hapa mpaka ipungue nusu, kwani ndani ya chungu kilichofunikwa haina pa kutokea na itabaki na ukali wake.

Nyanya natia kama Toscana, ingawa Roma huziacha: za kopo la gramu 400, zile ndefu zilizomenywa. Za sokoni zinafaa pia, ila zimenywe, zitolewe mbegu, na zipikwe kwanza mpaka zikaukiwe. Naziacha zitokote kikaangoni dakika kumi hivi ziwe rojo zito. Maji siongezi hata tone. Kuku anapangwa chunguni, rojo linamwagwa juu likiwa la moto, na chungu kijae kati ya nusu na robo tatu: kikiwa kitupu sana chakula hushika pembeni, kikijaa sana hakiivi kwa wakati. Moto mdogo, saa nane. Mfuniko haufunuliwi kuchungulia, kwa sababu kila ukifunuliwa joto linatoroka na kulirudisha ni kama nusu saa nyingine. Zeituni nyeusi kiganja kimoja zinaingia nusu saa ya mwisho. Zikiingia mapema zinatoa chumvi yote. Wakati huo huo naengua kwa upawa mafuta ya manjano yaliyoelea juu, na mtetea mkongwe anayo mengi.

Ninachokiangalia ni kiungo cha paja. Nikikibana kwa uma kinajitenga bila kuvutwa, ilhali nyama bado imeshika umbo lake na ina kitu cha kutafuna. Hapo ndipo chungu kinaposhinda sufuria. Juu ya moto wa gesi mtetea kama huyu hulainika nje huku kiungo bado kigumu, au mchuzi hukauka ukashika chini kabla hajaiva. Chunguni analainika sawasawa kila upande. Sufuria nayo inashinda kwa uzito wa mchuzi, kwa hiyo mwishoni namtoa kuku, namimina mchuzi kwenye kikaango na kuuchemsha dakika tano. Ngozi haiwi kavu, hilo lisahau. Asiyependa ngozi laini aivue kabla ya kuanza.

Upande wa stima sina lalamiko. Hata kingekula wati zote 200 kwa saa zote nane, ni uniti 1.6 za tokeni. Kupotea kwa stima ndiko kunakonifanya nisisitize jambo moja kwa anayenunua: chukua cha swichi ya kuzungusha, uache cha vitufe na saa ya kidijitali. Dada yangu anacho cha vitufe. Stima ikikatika hata dakika moja kinazima, na ikirudi kinabaki kimezima, wakati changu kinaendelea pale kilipoachia. Chakula kisikae kati ya nyuzi 5 na 60 zaidi ya saa mbili. Kwa hiyo kama stima ilipotea mapema, chungu hakijapata joto, nawe hukuwepo kujua ilikaa muda gani, mwaga kila kitu. Kuku wa friza ayeyuke kabisa kwanza, kwa sababu hiyo hiyo.

Kasoro zipo. Waya wa changu ni mfupi mno, inabidi kikae ukingoni pa meza, na bati la nje linapata moto wa kumuunguza mtoto. Kauri ni nzito, na ukiimwagia maji baridi ikiwa bado ya moto inaweza kupasuka. Kinachoniudhi zaidi ni kitabu cha maelekezo: kimeandika saa sita kwa kuku, bila kusema kuku gani, wakati jibu lote liko hapo. Kimenyamaza pia kuhusu maharagwe mekundu, ambayo wengi wangependa kuyalaza humo usiku. Mabichi yana sumu ambayo moto huu wa polepole hauiondoi kwa uhakika. Yaloweke, yachemshe kwa nguvu juu ya jiko dakika kumi kamili, umwage maji yake, ndipo uyahamishie chunguni.

Kula na nini? Huko Italia wengi hupakulia na polenta, unga wa mahindi wa manjano uliosongwa laini kuliko ugali wetu. Nimekula nayo na nimekula na ugali, na sioni sababu ya kutafuta unga wa nje. Usonge ugali uwe mlaini kidogo kuliko kawaida ili ubebe mchuzi. Wali mweupe unafaa pia. Wali wa nazi hapana, kwa ulimi wangu. Nazi na siki ya tofaa zinagombana mdomoni.

Kinachobaki kihamishie bakuli pana kipoe upesi, kisha friji. Asubuhi mchuzi utakuwa umeganda na mafuta yamekaa juu, yaondoe kwa kijiko. Kitoweo cha siku ya pili kina ladha iliyokolea zaidi, lakini usikipashe ndani ya chungu cha umeme, kwa sababu kinachukua muda mrefu mno kufika joto la kuua vijidudu. Kitie kwenye sufuria, juu ya jiko, kichemke.