Pemba, paspalamu au ukoka? Majani ya bustani kwa mwenye tenki dogo

Wadau wa bustani, karibuni. Leo mezani nina vipande vitatu vya majani kutoka kitaluni: majani ya Pemba, paspalamu na ukoka, pamoja na hii pakiti ya mbegu za kutoka nje. Mwenye uwanja nusu jua nusu kivuli, na maji ya bomba yanayokuja kwa mgao, kaa hapa.

Pakiti kwanza, maana ndiyo mnayoniulizia sana. Mbele imeandikwa inafaa juani na kivulini. Igeuze, usome yale maandishi madogo. Ukikuta Festuca, Lolium au Poa, hayo ni majani ya nchi za baridi, yanastawi kwenye nyuzi 15 hadi 24 hivi. Mtu wa Njombe au Limuru ajaribu. Wewe wa Dar, Tanga au Mombasa, yataota, utawaita majirani waje kuona, halafu joto la Januari litayamaliza. Mimi sinunui.

Ukoka, huu wenye jani jembamba, ndio wa juani. Unataka jua la saa sita au zaidi kwa siku, na ukiupanda chini ya mwembe utakonda mpaka udongo uonekane. Ila kwa ukame, hapo ndipo ninapoupendea. Maji yakikata unageuka rangi ya kahawia na kulala, mvua ikirudi unachipua. Kwa hiyo kiangazi usihangaike kuung'oa ukidhani umekufa.

Paspalamu nayo ni ya juani. Sifa yake kubwa ni kuvumilia maji ya chumvi, ndiyo maana hutumika hata kwenye viwanja vya gofu vya pwani. Kama kisima chako kina chumvi, chukua hii. Kama hakina, sioni sababu ya kuacha ukoka.

Haya, Pemba. Tazama upana wa jani hili! Haya ni majani ya pwani yetu, na kwa kivuli, kati ya haya matatu, hayana mpinzani. Hupandwa kwa vipando; achanisha sentimita 15 hadi 20, masika yanapoanza, mvua ikusaidie kazi. Usiyanyoe sana: ukoka unaweza kuuacha urefu sawa na upana wa vidole viwili, Pemba acha vinne, maana kivulini jani ndilo linalokamata ule mwanga kidogo uliopo. Na mahali ambapo jua halifiki kabisa, hata Pemba haifui dafu. Mwaga kokoto, weka viti, unywe chai.

Sasa hesabu ya maji, ambayo wauzaji hawaigusi. Milimita moja ya maji kwenye mita moja ya mraba ni lita moja. Juani, wakati wa kiangazi, ukitaka kijani kizuri piga hesabu ya milimita 25 kwa wiki. Uwanja wa mita 10 kwa 10 ni lita 2,500 kila wiki! Kama tenki lako ni la lita 1,000, na watoto wanaoga humo humo, punguza uwanja kabla ya kununua majani. Kisha mwagilia asubuhi, mara moja au mbili kwa wiki, maji yazame kama sentimita 15. Kunyunyiza kidogo kidogo kila jioni kunafanya mizizi ibaki juu juu, na jua la siku mbili tu linaichoma. Kupima ni rahisi: tega kopo tupu uwanjani, mwagilia, chovya rula.

Uamuzi wangu: juani ukoka, kivulini Pemba, na usilazimishe aina moja uwanja mzima eti ionekane sawa.

Ukienda kitaluni, chambua udongo wa mizizi kabla ya kulipa. Ukiona mmea wenye bua la pembe tatu na viazi vidogo vigumu chini, hiyo ni ndago, gugu sugu. Muuzaji atakwambia itakufa yenyewe. Haifi, kaka. Chagua kipande kingine.