Huduma ya uyoga wa psilosibini Portland: maandalizi mazuri, kikao cha baadaye cha pupa

Nimechelewa kuandika tathmini hii kwa sababu huduma yenyewe ina sehemu tatu, nami nilitoka na maoni matatu yasiyofanana. Maandalizi yalikuwa bora kuliko nilivyotarajia, siku ya uyoga ilisimamiwa kwa uangalifu, na kikao cha baadaye, ambacho naona ndicho kinachobeba thamani ya fedha zote, kilifanywa kwa pupa hata ikanibidi nikitafute kwingine na kukilipia upya. Kituo sitakitaja jina.

Kwa wasiofuatilia mambo ya Oregon, Marekani, wapiga kura wa jimbo hili walipitisha mwezi Novemba 2020 Hoja ya 109, iliyoruhusu huduma ya psilosibini, yaani kemikali ya uyoga inayobadilisha fahamu kwa saa kadhaa, na vituo vyenye leseni vikaanza kupokea wateja mwaka 2023. Mtu aliyetimiza miaka 21 haandikiwi dawa na daktari, wala si lazima awe mgonjwa. Anafanyiwa kikao cha maandalizi angalau saa 24 kabla, anautumia uyoga ndani ya kituo mbele ya mwezeshaji mwenye leseni, anabaki humo mpaka muda uliowekwa kwa kiwango chake uishe, kisha anapewa nafasi ya kikao cha mazungumzo, ambacho kwa mujibu wa kanuni ni hiari yake. Mwezeshaji si lazima awe tabibu. Anatakiwa awe na mafunzo ya angalau saa 120 na saa nyingine 40 za vitendo, na nilipokwenda mimi, alipofanya kazi hiyo hakuruhusiwa kutibu wala kumwambia mteja ana ugonjwa gani. Sentensi hiyo ilikuwemo kwenye fomu na niliipita haraka.

Nilikwenda kwa sababu ya msiba. Marehemu mama alifariki Tanga mwaka 2021, wakati hati zangu za ukaazi zikiwa bado mezani kwa maofisa, na maziko nikayafuata kwenye simu, picha ikikatika kila aliyeishika alipopita chini ya miembe. Kwetu ni mwana anayeshuka kaburini kumpokea mamaye. Mimi nilikuwa nimekaa ndani ya gari kwenye maegesho ya kazini, na kwa miaka minne iliyofuata sikuweza kulia. Kama uyoga huo unaruhusiwa kidini ni swali ambalo kila mmoja atalipeleka kwa shekhe wake. La kwangu nililimaliza kabla ya kulipa.

Kikao cha maandalizi kilichukua dakika 90, na hapo mwezeshaji, mama wa makamo mwenye sauti ya chini, aliistahiki kila senti. Alianza na maswali ya usalama: kama nimetumia litiamu, dawa ya maradhi ya hisia, ndani ya siku 30, kama nimewahi kuugua ugonjwa wa akili wa kupoteza uhalisia, natumia dawa gani za sonona, shinikizo la damu likoje, nani atanirudisha nyumbani. Mteja aliyetumia litiamu ndani ya siku hizo hapokelewi kabisa, na nilipenda kwamba hakulisema jambo hilo kwa mzaha. Kisha tukafika kwenye suala la kuguswa. Kanuni zinamruhusu mwezeshaji kumkumbatia mteja au kumwekea mkono mikononi, miguuni au mabegani tu, na kwa ridhaa ya maandishi iliyotolewa kabla. Mimi nilitia alama mabegani peke yake. Aliniambia nije na kitu cha marehemu, nami nikaja na kanga yake iliyoandikwa "Nani kama mama". Hakuridhika kuisifu rangi. Aliomba nimsomee maandishi, akauliza kwa nini nguo inasema, na robo saa nzima nikawa naeleza jinsi kanga inavyomfikishia mtu neno ambalo mvaaji hataki kulitamka mwenyewe. Nadhani maandalizi yangu hasa yalikuwa robo saa ile.

Siku yenyewe nitaisimulia kwa ufupi, maana masimulizi ya safari za uyoga yanafanana na ya ndoto: humchosha kila mtu isipokuwa aliyeota. Nilipewa miligramu 25 za psilosibini, unga wa uyoga uliokorogwa kwenye chai ya tangawizi ili kupunguza kichefuchefu, nacho kichefuchefu kilikuja vilevile. Nilikataa kitambaa cha macho nikajifunika kanga. Wakati fulani nilijiona nimesimama ndani ya mwanandani wa kaburi, mikono nimeinyosha juu kupokea, na hakuna anayenikabidhi kitu. Nililia kwa muda mrefu, mwezeshaji akaweka mkono begani kama tulivyoandikiana, hakusema neno. Kasoro ilikuwa muziki, piano na fidla za hoteli tangu mwanzo hadi mwisho. Niliambiwa baadaye, tena kwa kugusia tu, kwamba mteja anaweza kuleta orodha yake. Ningeleta kasida.

Sasa kikao cha baadaye. Kilifanyika kwa video baada ya siku mbili, kikachukua dakika 40, na swali la kwanza lilikuwa nimepata ujumbe gani. Liliniudhi, kana kwamba uyoga ni posta. Niliposimulia mwanandani na mikono mitupu, mwezeshaji yuleyule aliyekuwa msikivu hivyo kwenye maandalizi aliharakisha kuniambia kwamba huenda mama alikuwa ananiachilia. Sikuwa nimesema hivyo, wala sikuona hivyo. Baada ya hapo alinitumia orodha ya mambo ya kufanya, yaani kuandika shajara, kutembea msituni na kupunguza simu, na huduma ikaishia hapo. Simlaumu sana, kwa kuwa sheria yenyewe ilimkataza kufanya tiba, na kituo kilikuwa kimempangia mteja mwingine mara tu baada yangu. Tatizo ni kwamba wiki ile ndipo nilipokuwa wazi kuliko wakati wowote: usingizi ulinipotea, vitu vidogo vilinitoa machozi kazini, na nilihitaji mtu aliyefunzwa kazi hiyo.

Nilimpata mshauri nasaha mwenye leseni yake ya kawaida, asiyehusiana na kituo, anayepokea watu waliokwisha kupitia saikedeliki, yaani dawa za kubadilisha fahamu kama uyoga huu, na kuwasaidia kuyakusanya waliyoyaona. Huyu hakuuliza maana. Alinitaka nisimulie upya, polepole, kwa wakati uliopo, akinisimamisha kila nilipoanza kufasiri. Kwenye kikao cha tatu aliuliza ni sehemu gani za msiba ambazo mimi sikuzifanya kwa mikono yangu. Tuliziorodhesha: kubeba jeneza, kushuka kaburini, kulala matangani, khitma ya arobaini. Jioni hiyo nilimpigia kaka yangu na kumuuliza swali ambalo kwa miaka minne nilikuwa naliogopa, kwamba nani alishuka badala yangu. Alinitajia majina mawili, akanieleza udongo ulivyokuwa umelowa na jinsi alivyokaribia kuteleza, mpaka tukacheka. Tulifanya vikao sita, na usingizi ulirudi kabla hatujamaliza.

Kuhusu fedha: kituo nililipa dola 1,900 kwa sehemu zote tatu, na mshauri dola 150 kwa kila kikao. Bima haikugusa bili ya kituo, kwa kuwa sheria ya shirikisho bado inaiweka psilosibini katika daraja la kwanza la dawa zilizopigwa marufuku. Hilo lina uzito zaidi kwa ndugu zetu ambao hawajapata uraia, maana kukiri mbele ya ofisa wa uhamiaji kwamba umetumia dawa ya daraja hilo kunaweza kukuharibia maombi hata kama jimbo linairuhusu. Mimi nilikwishaapa uraia. Hata hivyo, katika kurasa zote nilizotia sahihi sikuulizwa wala kutahadharishwa, na kwa kituo kilicho katika mji wenye wahamiaji wengi kiasi hiki naliona ni kosa kubwa kuliko muziki. Mwenye kadi ya kijani, yaani ukaazi wa kudumu bila uraia, aanze kwa wakili.

Kituo nakipa nyota tatu, karibu zote kwa ajili ya maandalizi, na mshauri nampa tano. Anayekusudia kwenda aulize kabla ya kulipa kwamba kikao cha baadaye kitakuwa siku ya ngapi, cha dakika ngapi, na kama usingizi ukipotea atampigia nani. Mimi niliuliza bei na maegesho.